Mpiga Kinanda wa Filamu Bubu

Njia nzima kutoka Buffalo hadi Columbus, Delfina alikuwa akibadilisha vituo vya redio bila kusikiliza hata kimoja. Ziwa lilimsindikiza mkono wa kulia mpaka Cleveland, kisha likabaki nyuma, yakaja mashamba na malori. Kila aliposimama kujaza mafuta alitoa simu, akamwandikia Aganze maneno machache, akayafuta, akairudisha simu mkobani.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Kesho baada ya ibada, akina Gakunzi wangefika nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Black Rock kule Buffalo, kuja kumposa.

Gakunzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkosesha Delfina raha. Angekuwa mlevi, au mtu wa majivuno, ingekuwa rahisi kumkataa. Lakini alikuwa fundi wa magari huko Rochester, Mrundi mwenzao, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, kama yeye, mtoto wa familia iliyokuwa ikichota maji bomba moja na mama yake. Alisali. Aliwasalimia wazee kwa mikono miwili. Mzee Sylveri, baba yake Delfina, alikuwa amemwangalia kijana huyo kwa muda mrefu kama mtu anayeangalia gari zuri la jirani, na siku aliposikia kwamba familia inataka kuja, alirudi nyumbani akiimba.

Mtu ambaye Delfina alimtaka alikuwa Aganze. Aganze alikuwa Mkongomani wa Kivu, aliishi Louisville na mama yake, alifanya kazi katika ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, na Jumapili alipiga kinanda kanisani. Nyumbani kwa Mzee Sylveri alijulikana kwa jina moja tu: "yule wa kwenye simu."

Delfina alikuwa amewaaga wazazi kwamba anakwenda Hilliard, pembeni ya Columbus, kuwaona kaka yake Yoeli na mkewe Rakeli, na kwamba Jumapili alfajiri angegeuza gari arudi kuwahi wageni. Haukuwa uongo wote. Hilliard angefika. Ila kwanza alipita njia nyingine, akaegesha gari mbele ya hoteli moja kaskazini mwa jiji, akajitazama kwenye kioo cha gari, akajipaka mafuta ya midomo, akayafuta, akapaka tena.

Kila mwisho wa Mei hoteli hiyo ilikodishwa na watu wanaopenda filamu za zamani. Wengi walikuwa wazee. Walikuja kutoka majimbo ya mbali wakiwa na mabango yaliyokunjwa, mikebe ya filamu, na hadithi ambazo walishasimuliana mwaka jana. Mwaka huo wa 2015 alasiri ya Jumamosi ilikuwa imetengewa filamu bubu za Uswidi na Denmaki, na ukumbi ulijaa mpaka viti vya plastiki vikaletwa kutoka jikoni.

Kama mtu angemwuliza Delfina aliingiaje katika mambo hayo, angejibu kwamba ni baridi. Majira yao ya baridi ya kwanza Marekani, walipokuwa bado wamepanga mtaa wa Lower West Side, Buffalo, alikuwa hajui Kiingereza cha kumwezesha kuomba sukari. Televisheni ilimchosha kwa maneno. Siku moja alikimbilia maktaba kujificha na upepo wa mtoni, akaokota diski yenye picha ya mwanamke amesimama thelujini. Aliitazama pale pale. Hakuna aliyesema neno. Mwanamke yule alikuwa ameletewa habari za msiba. Akageuka akawapa watazamaji mgongo, na mabega yake tu yakalia. Delfina, aliyewaona wanawake wengi wakiletewa habari za namna hiyo, alijua kwamba ndivyo inavyokuwa. Nje ya dirisha la maktaba theluji ileile ilikuwa ikianguka. Toka siku hiyo alizitafuta filamu hizo kama mtu anayetafuta watu wa kwao.

Delfina alimpata Aganze kwenye mtandao, katika kikundi cha mashabiki wa filamu hizo; jina lake lilikuwa la pekee lililofanana na la nyumbani kati ya majina mengi ya Kizungu. Yeye alikuwa amezijua kwa njia ya mzee mmoja wa kanisa la jirani aliyekuwa akizipigia kinanda, na mzee huyo alipoanza kutetemeka vidole, alimfundisha Aganze. Walianza kwa kubishana juu ya filamu moja ya Denmaki. Wakaendelea juu ya mengine. Mwaka uliopita walikutana hotelini hapo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hakuna wiki iliyopita bila kupigiana simu.

Sasa alimwona amesimama karibu na meza ya kahawa, katika shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii, akizungumza na Bi Lorraine, mama wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe aliyesimamia maonyesho. Aganze aliinua macho. Alikatiza maneno katikati. Bi Lorraine aligeuka, akamwona Delfina, akachukua kikombe chake akajiondokea bila kuaga.

"Umefika," alisema Aganze.

"Nimefika."

"Njia ilikuwa aje?"

"Ndefu." Delfina alisogea karibu, lakini si karibu sana, kwa kuwa watu walikuwa wengi. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Minaangalia kama ni wewe kweli. Kwa simu uko na sura kidogo."

Delfina alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aganze alikiona kilivyoisha. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Kazi yake ya kinanda ilimfundisha kutazama uso na kujua kinachofuata.

"Kuna kitu," alisema.

"Kipo."

"Ni mama yako? Anagonjwa?"

"Hapana. Kesho wanakuja, Aganze. Akina Gakunzi."

Alimjua Gakunzi kwa jina. Delfina alikuwa amemtaja mara moja, kwa mzaha, wakati mambo bado yalikuwa ya mzaha.

"Banakuja kufanya nini?"

"Watu huja kufanya nini kwa mzee mwenye binti?"

Aganze aliweka kikombe mezani taratibu. Kahawa ikamwagika hata hivyo. "Kesho ya hii kesho?"

"Kesho hii."

"Na unaniambia leo."

"Nilikuambia mwezi wa tatu. Nilikuambia tuma watu."

"Uliniambia nitume batu. Haukuniambia kama kuna batu bengine."

"Kwa hiyo ungewatuma kwa sababu ya kushindana," alisema Delfina, "siyo kwa sababu ya kunitaka?"

Hilo lilimpata. Nyuma yao mtu alikuwa akiuza mabango ya zamani na kuyasifia kwa sauti kubwa.

"Unajua ni ju ya nini nilichelewa," alisema hatimaye.

"Najua ni kwa sababu ya mama yako. Sijui ni kwa sababu gani mama yako."

"Kaka yangu mukubwa alienda kuoa kule Iowa. Alisema atarudi. Donc, leo ni myaka sita, mama anaonaka bajukuu ku simu. Nikimutajia Buffalo, anatoka anaenda kupika. Anapika hata kama tumeshakula."

"Na wewe unamwacha apike."

"Ni mama yangu, Fina. Amenibeba kwa mugongo tukikimbia vita kutoka Walungu."

"Mimi sikuambii umtupe. Nakuambia ungesema. Ungemwambia hata mara moja, kwa mdomo wako, kwamba kuna msichana Buffalo na jina lake ni hili. Umewahi?"

Hakujibu. Kwenye filamu wanazozipenda wote wawili, mtu asipojibu ni jambo zuri. Kamera inamsogelea na kila kitu kinaeleweka. Hapa mbele ya meza ya kahawa haikuwa hivyo. Delfina alihisi machozi yanapanda akayakemea.

Bi Lorraine alirudi akiwa na uso wa kuomba radhi. Mashine ya filamu ilikuwa tayari. Watu walikuwa wamekaa. Walikuwa wakimngojea mpiga kinanda.

"Kaa," Aganze alimwambia Delfina kwa haraka. "Tutaongea nikimaliza. Nakuomba."

Delfina aliingia ukumbini akakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, pembeni ya mzee aliyevaa tai. Taa zilizimwa. Mashine ikaanza kunguruma, na bahari ya Uswidi ikajitokeza ukutani, ya rangi ya samawati kama walivyokuwa wakizipaka filamu za usiku enzi hizo. Ilikuwa hadithi ya mke wa nahodha wa mashua ya kuongozea meli. Mumewe ametoka wakati wa dhoruba na hajarudi. Wanaume wa kijiji wanamwambia amekufa, mchungaji anamwambia amekufa, na mwanamume tajiri mwenye duka, aliyefiwa na mkewe, ameshaanza kumletea unga. Yeye kila asubuhi anakwenda kwenye mawe kutazama.

Delfina alikuwa ameingoja filamu hiyo tangu mwaka jana. Nakala iliyobaki ni moja tu, na hata hiyo kipande cha kuelekea mwisho kimepotea. Lakini sasa hakuona kitu. Aliona mgongo wa Aganze, ulivyoinama juu ya kinanda, na uso wake uliopigwa na mwanga wa ukutani, akiinua macho kumtazama yule mwanamke na kushusha mikono. Alipiga vizuri. Alipiga polepole, akiacha nafasi, kama mtu anayengoja aulizwe. Na kadiri alivyopiga vizuri ndivyo Delfina alivyozidi kukosa pumzi. Kesho wakati kama huu atakuwa amevaa kitenge kipya, amepiga magoti na sinia la soda mbele ya mama yake Gakunzi. Na mtu huyu atakuwa Louisville, kwenye meza ya mama yake, analishwa.

Mwanamke wa kwenye filamu alipokea unga wa mwenye duka. Aliutazama. Delfina akasimama, akamwomba radhi mzee wa tai, akatoka.

Kwenye ukumbi wa mapokezi kulikuwa na jua kali lililoingia kwa milango ya vioo. Alizunguka makochi. Akaketi, akainuka. Alikuwa anatafuta funguo za gari mkobani aliposikia jina lake, na kabla hajageuka alijua ni nani.

Kaka yake Yoeli alikuwa amesimama mlangoni katika nguo za kazi. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye desturi ya kufikiri huku akijishika kidevu. Sasa alikuwa amekishika.

"Rakeli amepika tangu asubuhi," alisema. "Nikamwambia, huyu hajapotea njia. Nakumbuka mwaka jana alitaja hoteli."

"Kaka, nilikuwa nakuja."

"Baba amenipigia. Anauliza kama umefika. Nimemwambia umefika na umelala. Nimemdanganya baba yangu kwa ajili yako, Delfina, na sijawahi kupenda kudanganya." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Yuko humu?"

"Yuko humu. Anapiga kinanda."

"Amekuja kukuchumbia au kupiga kinanda?"

Ndilo swali Delfina alilokuwa akijiuliza makochini. Wakasikiliza wote wawili. Sauti ya kinanda ilipita katika mlango uliofungwa, nyembamba, ikapanda, ikasita kidogo. Kisha ikakatika.

Walidhani filamu imekwisha. Lakini hakuna aliyepiga makofi, na ngurumo ya mashine iliendelea. Mlango ukafunguliwa, Aganze akatoka akiwa anapepesa macho kwa ajili ya jua.

"Nimekuona ukitoka," alimwambia Delfina, kama vile hapakuwa na mtu mwingine. "Nilizani umeenda kabisa."

"Umeacha filamu katikati?"

"Nimeacha."

Yoeli alimtazama kutoka viatu mpaka kola. Alimpa mkono, kwa kuwa hakulelewa kumnyima mtu mkono, lakini alisema, "Mimi ni Yoeli. Kwa hiyo ndiwe mtu ambaye kazi yake anaiacha katikati."

"Ni mara ya kwanza, kaka mukubwa."

"Watu wamekaa humo wanakungoja."

"Njo vile. Lakini kama angeenda nisimuambie neno, ningepiga mpaka mwisho nisijue nimepiga nini."

"Na neno lenyewe ni lipi?" Yoeli aliuliza. "Maana kwetu neno hilo halisemwi hotelini. Lina mahali pake na lina watu wake. Nyumba yetu haijahama. Mwezi wa tatu ilikuwa pale, wa nne ilikuwa pale. Mwenzako Gakunzi ameiona."

Aganze aliinamisha kichwa. "Uko na haki. Nilikuwa namwogopa mama yangu, na nilikuwa namwogopa baba yako. Nikasema nitangoja siku nzuri. Siku nzuri haikuja."

Delfina alimtazama akisema hayo mbele ya kaka yake, akiwa amesimama wima na jasho shingoni. Hakuwa amewahi kumsikia akikiri woga kwa mtu. Moyo wake, uliokuwa ukizunguka tangu Cleveland, ulipata mahali pa kutua, japo kwa muda.

"Rudi ukamalize," alimwambia.

"Fina."

"Sitaondoka. Rudi. Yule mwanamke yuko peke yake humo ndani."

Alisita, akamtazama Yoeli kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akarudi. Baada ya kitambo kinanda kikaanza tena, chini kabisa.

"Twende nyumbani," alisema Yoeli.

"Nimemwambia siondoki. Unaweza kuningoja kwenye gari, kaka, au unaweza kuingia. Haihitaji Kiingereza."

Yoeli alijishika kidevu. Halafu, kwa kuwa gari lilikuwa juani, aliingia.

Alikaa na mikono imekunjwa. Baadaye ikakunjuka. Mwanamke wa Uswidi alimrudishia mwenye duka unga wake, akaubeba mwenyewe mgongoni kupanda kilima, upepo ukimvuta nguo, na upepo ulikuwa upepo wa kweli na kilima cha kweli. Mara pakatokea bango jeupe lenye maandishi, na baada ya hapo alionekana ameketi mezani na mwanaume aliyegeuza uso. Taa za ukumbi zikawashwa. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu, wakimgeukia Aganze, ambaye hakujua aweke wapi mikono.

Alitaka kumwomba Bi Lorraine msamaha. Bi Lorraine alikuwa anafuta miwani. Alimwambia kwamba kinanda kiliponyamaza watu waliacha hata kukohoa, na kwamba kwa umri wake hakutegemea kusikia tena kitu kama hicho. Lakini akamwomba mwakani aage kabla ya kutoka.

Yoeli alikuwa bado anatazama ukuta mweupe. "Yule aliyekaa mezani," alimwuliza dada yake kwa Kiswahili, "ni mume wake amerudi, au ni yule wa unga?"

"Hakuna anayejua. Kipande cha hapo kilipotea."

"Kimepotea kabisa?"

"Kabisa. Filamu zile zilikuwa zinaungua kwa urahisi, nyingine zilitupwa. Nyingi hazipo tena."

"Kwa hiyo watu wazima wanasafiri wanakuja kuangalia kitu kisicho na mwisho wa kueleweka." Alitikisa kichwa, lakini polepole. Walipomtafsiria Bi Lorraine, aliona si ajabu. Alisema ndiyo sababu wanarudi: kila mwaka anamwona mwanaume tofauti pale mezani, na tangu afiwe na mumewe anamwona aliyerudi.

Delfina, Aganze na Yoeli waliketi kwenye makochi ya mapokezi, na ni Yoeli aliyetoa simu akamwekea Delfina kiganjani.

"Mimi si baba," alisema. "Siwezi kukukatalia na siwezi kukuruhusu. Uongo wangu umeishia hapo. Mpigie."

Delfina alipiga. Mzee Sylveri aliitika mara moja, kama mtu aliyekuwa amekaa na simu mapajani.

"Baba, shikamoo. Sijafika kwa kaka. Niko Columbus mjini, niko na Aganze."

Kwa mbali alisikia maji yakimwagika; mama yake, Kostansia, alikuwa anaosha vyombo vya wageni.

"Yule wa kwenye simu," alisema baba yake.

"Huyo. Baba, Gakunzi ni mtu mzuri, simsemi kwa ubaya. Lakini simtaki."

"Nimeshawaambia wenzangu waje. Siwezi kuwafungia mlango."

"Sisemi uwafungie. Nitawapokea mimi. Nitawapa chakula, na nitawaambia mimi mwenyewe."

"Mbele ya mama yake?"

"Mbele ya mama yake."

"Ni aibu, Delfina."

"Ni aibu ya siku moja, baba."

Maji kule jikoni yalinyamaza. Mzee Sylveri alipumua kwa pua, kwa muda mrefu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imechoka zaidi ya kukasirika. "Huyo kijana anasali wapi?"

"Kwa Wapentekoste. Anapiga kinanda kanisani."

"Na wewe ukiwa unaaibika mbele za watu, yeye atakuwa wapi?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Aganze alisikia. Alisogea, akainama karibu na kiganja cha Delfina. "Mzee, shikamoo. Nitakuwa pale."

"Usiwe pale," alisema Mzee Sylveri. "Utawatukana wageni wangu. Utakuja wakishaondoka. Na usije peke yako kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Una watu?"

"Niko nao, mzee."

"Basi nitawaona." Akakata.

Delfina aliirudisha simu kwa kaka yake. Alitaka kulia na kucheka, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alikaa tu. Yoeli alisimama, akasema anakwenda kumwambia Rakeli aongeze sahani, akatoka nje kuzungumza.

"Una watu?" Delfina aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niko na baba mudogo Bahizire. Anakaa na sisi. Lakini hawezi kuvuka mlango kama mama hajasema." Alikuwa ameshatoa simu yake na kuitazama kama kitu cha moto. Safari hii hakungoja siku nzuri. Alipiga, akaiweka mezani kati yao.

"Allô," ilisema sauti ya mama Bulonza, mama yake. "Umekula?"

"Mama, niko Columbus. Sikiya kwanza. Kuna binti anaitwa Delfina, ni Murundi, bazazi yake bako Buffalo. Nilikuambiaka Buffalo lakini sikukuambia jina. Kesho ninaenda kwabo. Ninaomba baba mudogo aje na mimi."

"Kesho ni siku ya Mungu."

"Njo siku yenyewe, mama."

"Na mi nikikatala?"

Aganze alifumba macho. "Nitaenda. Lakini sipendi kwenda bila wewe. Njo maana ninakupigia."

Kulikuwa na mlio wa mwiko kwenye sufuria, kisha mlio huo ukakoma. "Mukubwa wako alisemaka vile vile," alisema. "Maneno ile ile. Uyo binti iko hapo?"

"Iko hapa. Anasikia."

Delfina alijikuta amekaa sawa, ameshusha sketi magotini kana kwamba anaonekana. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo ni ya Tanzania. Bon. Marahaba. Utamupeleka mutoto wangu kwa ile teluji inafunikaka manyumba?"

Aganze alikuwa akimtikisia kichwa aseme hapana. Delfina alifikiri juu ya baba yake mwenye simu mapajani, mama yake na vyombo, kazi yake ya kiwandani kule Buffalo, barabara ndefu kati ya miji hiyo miwili. "Sijui bado, mama," alisema. "Hatujazungumza tutaishi wapi. Sitaki kukudanganya."

"Haujui."

"Sijui."

"Mwengine angesema Louisville."

"Ningeweza kusema Louisville. Halafu ungekuja kunijua baadaye, ungesema huyu tangu siku ya kwanza alinidanganya."

Aganze akaigusa simu kuona kama bado iko hewani. Ilikuwa hewani. Wakasikia mwiko ukiwekwa chini, hatua zikisogea mbali, na sauti ya mama Bulonza, sasa ikitokea chumba kingine, haisemi nao tena.

"Bahizire. Ee, Bahizire. Ile suti yako ya bleu iko wapi?"

Hakuna aliyekata. Waliinamia simu, vichwa vikigusana, wakisikiliza milango ya kabati ikifunguliwa huko Louisville, mmoja baada ya mwingine.